Kidonda cha Risasi Tanga: Mwaka 1914 na Leo

Mapigano ya Tanga ya Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, husimuliwa zaidi kwa habari za majemadari, meli za kivita na makundi ya nyuki yaliyowavamia wapiganaji mashambani, na ni nadra kusimuliwa kwa habari ya kidonda, ingawa kwa mamia ya watu waliopigwa risasi siku zile vita haikwisha bunduki ziliponyamaza. Ilihamia ndani ya miili yao, na adui mpya alikuwa bakteria, yaani kijidudu cha seli moja kinachoishi katika udongo, katika ngozi na katika utumbo wa binadamu na wa mifugo, ambacho kwa kawaida hakimdhuru mtu mpaka kipate pa kupenyea. Risasi humfungulia bakteria njia pana kuliko nyingi. Namna njia hiyo inavyosafishwa na kufungwa, au inavyoachwa wazi kwa makusudi, ndiyo huamua nani atapona na nani atapoteza mguu au uhai, na Tanga ina sababu zake za kihistoria za kulitafakari jambo hilo kwa karibu.

Jeshi la Uingereza lililotoka India, likiwa na watu wapatao 8,000 chini ya Jenerali Arthur Aitken, lilianza kushuka Ras Kazone usiku wa kuamkia tarehe 3 Novemba, likakutana na kikosi cha Wajerumani na askari wao Waafrika ambacho jumla yake ilikuwa takribani watu 1,000, kikiongozwa na Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck. Mapigano makubwa yalifanyika tarehe 4, katika mikoko, katika mashamba ya mpira na mahindi na hatimaye katika mitaa ya mji wenyewe, na kesho yake Waingereza wakarudi melini wakiacha nyuma bunduki, risasi na majeruhi wasioweza kubebwa. Waliouawa, kujeruhiwa na kutoweka upande wa Waingereza na Wahindi walizidi 800, na upande wa Wajerumani walikaribia 150, miongoni mwao Kapteni Tom von Prince, aliyejulikana kwa wenyeji kama Bwana Sakarani. Majeruhi walioachwa nchi kavu walipelekwa katika hospitali ya Wajerumani, iliyokuwa juu ya jabali linalotazama bandari, upande uleule wa mji ambako mapigano yalipita. Jengo lake la kale, linaloitwa Cliff Block, limo mpaka leo katika eneo la Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Dakta Ludwig Deppe, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya Tanga, baadaye alifuatana na jeshi la Lettow-Vorbeck katika safari yake ndefu ya kusini na kuandika kitabu juu ya mateso aliyoyaona njiani.

Ili kuelewa kazi iliyowakabili madaktari wale ni lazima kwanza kutazama silaha, kwa kuwa kila silaha huzaa kidonda cha namna yake. Askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado wanabeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, iliyotumia baruti nyeusi yenye moshi mwingi na kurusha risasi nene ya milimita 11, laini, isiyovikwa ganda gumu, ambayo ikigonga mfupa hubonyea na kutanuka, ikapasua mfupa vipande vipande na kuburuta ndani ya nyama kila ilichokutana nacho njiani: vumbi, jasho, uzi wa shati la kaki, tope la mikoko. Lee-Enfield za Waingereza zilirusha risasi nyembamba ya milimita 7.7, yenye ganda gumu na mwendo mkali, ambayo mara nyingi ilitoboa tundu dogo la kuingilia na kumfanya mtazamaji adhani jeraha ni jepesi. Dhana hiyo ni ya hatari. Risasi yenye mwendo mkali husukuma nyama pembeni kwa nguvu, kama jiwe linalotupwa katika maji ya kisima, na kwa kitambo kifupi sana hufanyika pango kubwa kuliko risasi yenyewe; pango hilo hujifunga mara moja, lakini misuli iliyovutwa na kukatika mishipa yake midogo ya damu hubaki imekufa chini ya ngozi inayoonekana nzima. Pango linapotanuka huvuta ndani hewa, vumbi na nyuzi za nguo kutoka matundu yote mawili, la kuingilia na la kutokea. Wapo pia wanaoamini kwamba risasi husafishwa na moto wa baruti, nao wamekosea, kwa sababu joto hilo halidumu muda wa kutosha kuua vijidudu vilivyo juu yake, wala haliwezi kuvigusa vile vilivyoko kwenye nguo na ngozi ya anayepigwa.

Nyama iliyokufa ndiyo kiini cha tatizo lote. Nyama hai hupata damu, damu huleta oksijeni na chembe nyeupe zinazowala bakteria, na kwa njia hiyo mwili hujilinda wenyewe dhidi ya uchafu mwingi ajabu. Nyama iliyokufa haina ulinzi huo, nayo ni chakula chenye unyevu na joto la kumfaa kila kijidudu. Wa kwanza kuzaliana ni wale wa ngozi na koo, stafilokoka na streptokoka, wanaoleta usaha, uvimbe, wekundu na homa, na ambao wakiingia katika mkondo wa damu husababisha sepsisi, hali ambayo mwili wote huitikia maambukizi kwa namna inayouharibu wenyewe: shinikizo la damu hushuka, figo hushindwa kufanya kazi, akili huchanganyikiwa. Hatari zaidi ni jamii ya klostridia, bakteria wa udongo na kinyesi cha wanyama wasiotaka oksijeni, ambao hujihifadhi ndani ya gamba gumu liitwalo spora na kuweza kukaa ardhini miaka mingi. Mmoja wao, Clostridium perfringens, aliyeelezwa na William Welch wa Marekani mwaka 1892, huleta gangrini ya gesi: misuli huoza kwa kasi, mapovu ya gesi huenea chini ya ngozi hata mkono ukibonyeza husikia mnong'ono wa mapovu hayo, harufu hubadilika, na mgonjwa aweza kufa kabla siku mbili hazijapita. Mwingine, Clostridium tetani, hutoa sumu ya pepopunda, ugonjwa unaofunga taya, kukaza mgongo na kumtesa mgonjwa kwa mitukutiko huku akili yake ikiwa timamu kabisa. Baadaye, wodini, huja kundi la tatu, bakteria wa maji na utumbo kama vile Pseudomonas aeruginosa, ambao hupenda vidonda vya muda mrefu na hospitali zenye msongamano.

Maarifa haya yalikuwa tayari duniani mwaka 1914, na sehemu yake ilitokana na mtu aliyewahi kupita katika milima ya Usambara. Robert Koch, aliyehudumia majeruhi katika vita vya Ujerumani na Ufaransa vya 1870 na 1871, alichapisha mwaka 1878, alipokuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wöllstein ulioko sasa nchini Poland, utafiti juu ya chanzo cha maambukizi ya vidonda, ambapo aliwaingizia panya na sungura majimaji yaliyooza na kutenganisha aina sita za maradhi, kila moja ikiwa na kijidudu chake maalumu. Kabla yake wengi waliamini kwamba uozo wa kidonda ni hali moja inayosababishwa na hewa mbaya. Mwaka 1881 yeye na wasaidizi wake walionesha kuwa asidi ya kaboliki, dawa iliyotumiwa na Joseph Lister tangu miaka ya 1860 kuua vijidudu vya vidonda, haiwezi kuua spora kwa namna ilivyokuwa ikitumiwa, na kwamba mvuke wa maji yanayochemka hufanya kazi hiyo vizuri zaidi. Koch alifika Afrika Mashariki ya Wajerumani mwaka 1897, akachunguza malaria pwani na Usambara, akarudi mwaka 1905, mwaka uleule aliopewa Tuzo ya Nobel, na kufanya sehemu ya kazi yake katika kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa mwaka 1902 juu ya Muheza. Shabaha yake huku ilikuwa malaria, homa ya kupe na maradhi ya ng'ombe, siyo vidonda. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba mwanzilishi wa elimu ya maambukizi ya majeraha alitembea katika milima inayoonekana kutoka barabara ya Tanga miaka michache tu kabla ya mji huo kujaa majeruhi.

Lililokosekana ni kukubaliana juu ya nini kifanyike. Mafundisho yaliyotawala katika majeshi ya Ulaya, ambayo upande wa Ujerumani yalitokana hasa na Ernst von Bergmann, yalisema kwamba jeraha la risasi lihesabiwe kuwa safi, lifunikwe kwa kitambaa kisafi, lisichokonolewe. Yalikuwa na ushahidi wake: katika vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902, risasi nyembamba zilizopigwa kutoka mbali katika nyika kavu za Afrika Kusini ziliacha vidonda vingi vilivyopona bila upasuaji. Upande wa pili alikuwepo Paul Friedrich, daktari wa Kijerumani, ambaye mwaka 1898 alichafua majeraha ya wanyama wa maabara kwa udongo wa bustani na vumbi la ngazi, akaona kwamba kidonda kikikatwa kingo zake zote zilizochafuka ndani ya muda wa takribani saa sita tangu kuumia, mnyama hupona, na muda huo ukipita bakteria huwa wamekwisha kuzama ndani ya nyama na kukata kingo hakusaidii tena sana. Jeshi lolote lililoingia vitani mwaka 1914 lingeweza kusoma andiko la Friedrich. Yalitakiwa mashamba ya Ubelgiji na Ufaransa, yaliyotiwa samadi ya farasi kwa karne nyingi, ndipo madaktari wasadiki kwa kuona gangrini ya gesi ikiwaua vijana kwa maelfu.

Mapinduzi ya tiba yaliyotokea huko kati ya 1914 na 1918 yanastahili kuelezwa, kwa maana ndiyo yanayoongoza chumba cha upasuaji hata leo. Daktari wa Kibelgiji Antoine Depage na wenzake walifufua ukataji wa nyama iliyokufa, kitendo ambacho madaktari huita dibridimenti, yaani kufungua kidonda chote, kutoa nguo, udongo na vipande vya mifupa vilivyokosa damu, na kukata msuli uliokufa mpaka kufikia ulio hai. Alexis Carrel na Henry Dakin walitengeneza utaratibu wa kuosha kidonda mara kwa mara kwa maji yenye klorini hafifu, asilimia 0.5 hivi. Katika maabara ya jeshi la Uingereza mjini Boulogne, kijana aliyeitwa Alexander Fleming, akifanya kazi chini ya Almroth Wright, alitengeneza bomba la kioo lenye vijipembe kuiga mashimo ya kidonda, akaonesha kwamba dawa za kuua vijidudu zilizomiminwa ndani hazifiki katika vijipembe hivyo, na kwamba katika kidonda halisi baadhi yake huua chembe nyeupe za mgonjwa mapema kuliko zinavyoua bakteria. Fleming huyo ndiye aliyegundua penisilini mwaka 1928. Lakini kazi yake ya Boulogne ina uzito wake, kwa kuwa ilithibitisha kuwa hakuna dawa ya kumwaga juu inayoweza kuchukua nafasi ya kisu. Pepopunda nayo ilipungua sana katika uwanja huo wa vita baada ya majeruhi kuanza kuchomwa sindano ya kinga iliyotokana na damu ya farasi, tunda la kazi ya Emil von Behring na Kitasato Shibasaburo ya mwaka 1890.

Majeruhi wa Tanga walitangulia sehemu kubwa ya mabadiliko hayo, na kadiri vita ilivyoendelea katika Afrika Mashariki ndivyo vifaa vilivyozidi kuadimika, maana meli za Uingereza zilikuwa zimeufunga mwambao. Mwezi Aprili 1915 meli ya Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilikimbizwa na manowari ya Hyacinth hadi Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, ikazama katika maji ya kina kifupi na shehena yake ya bunduki na risasi ikaopolewa. Mzigo huo ulirefusha vita, lakini mahitaji ya wauguzi yalibaki makubwa kuliko kilichoweza kupenya. Kituo cha Amani kikageuzwa karakana, kikitengeneza kwinini kutoka magome ya miti ya sinkona iliyopandwa milimani pamoja na bidhaa nyingine zilizokuwa zikiagizwa Ulaya. Lettow-Vorbeck ameeleza katika kumbukumbu zake jinsi bendeji zilivyotengenezwa kwa magome ya miti na jinsi vitambaa vilivyokwisha kutumika vilivyofuliwa, kuchemshwa na kutumika tena. Hapo elimu ya mvuke ilikuwa na thamani isiyokadirika: gome lililochemshwa vizuri ni salama kuliko pamba ya Ulaya iliyoshikwa kwa mikono michafu.

Walioumia zaidi katika kampeni ile, hata hivyo, hawakuwa wapiganaji. Wapagazi waliochukuliwa na pande zote mbili, wengi kwa lazima, walitembea mamia ya kilomita bila viatu wakiwa na mizigo vichwani, na miguu yao ikawa uwanja wa vita wa namna nyingine: funza walichimba vidoleni, tundu la funza likaingiwa na bakteria, mikwaruzo midogo ya miiba ikageuka donda ndugu, lile donda sugu la muundi ambalo hula ngozi na nyama hadi kufikia mfupa kwa mtu aliyedhoofishwa na njaa. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa kuhara, homa ya mapafu na malaria, na ni kosa la historia kwamba makaburi yao hayajulikani huku majina ya maofisa yakiwa yamechongwa katika mawe. Kwa upande wa tiba wanatufundisha jambo moja kubwa, kwamba lishe ni sehemu ya matibabu ya kidonda, kwani mwili usio na protini hauwezi kujenga nyama mpya wala kuzalisha chembe za kupigana na bakteria, hata kidonda kikioshwa na kufungwa kwa ustadi wote.

Penisilini ilipoanza kuzalishwa kwa wingi mwaka 1943 na 1944, ulimwengu uliingia katika zama ambazo ilikuwa rahisi kuamini kuwa kisu, maji na subira vimepitwa na wakati. Madaktari wa upasuaji wa vita hawakuamini hivyo kamwe, na Afrika Mashariki imekuwa mojawapo ya shule zao kubwa. Kuanzia mwaka 1987 hadi 2006, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliendesha hospitali ya Lopiding, karibu na Lokichoggio kaskazini ya Kenya, iliyopokea majeruhi wa vita vya Sudan waliosafirishwa kwa ndege, wengine wakifika siku nyingi baada ya kupigwa risasi, vidonda vikiwa tayari vina usaha na mabuu. Leo kazi kama hiyo inaendelea mjini Goma, mashariki ya Kongo, katika hospitali ya Ndosho, ambako mwishoni mwa Januari 2025, mji ulipotekwa na waasi wa M23, majeruhi walimiminika kwa mamia, wengi wao raia, na wauguzi wakawahudumia katika Kiswahili hikihiki cha masoko na misikiti ya Tanga, kwa lafudhi ya Kivu.

Utaratibu unaofuatwa katika hospitali hizo ni rahisi kuuelewa, ingawa kuutekeleza kunahitaji ujuzi. Baada ya kuzuia damu na kuhakikisha mgonjwa anapumua, hupewa mapema iwezekanavyo antibiotiki, yaani dawa ya kuua au kuzuia bakteria. Penisilini ya kale bado ina heshima yake hapa, kwa kuwa klostridia na streptokoka wengi hawajaizoea, na jeraha likihusu tumbo au mfupa uliovunjika daktari huongeza nyingine. Dawa hiyo inampatia daktari muda, basi. Kinachofuata, mgonjwa akiwa chini ya nusukaputi, ni kuosha kidonda kwa maji mengi, kukifungua kwa urefu ili ndani paonekane, kupasua utando mgumu unaoifunika misuli iliyovimba ili damu ipite, na kukata kilichokufa. Msuli hai hutambulikana kwa mambo manne: rangi yake ni nyekundu, haulegei kama uji, hujikunja unapobanwa na koleo, na hutoa damu unapokatwa. Usiokuwa na sifa hizo huondolewa bila huruma, lakini ngozi huhifadhiwa kadiri inavyowezekana kwa kuwa ni ngumu kuirudisha.

Baada ya hapo huja hatua inayowashangaza sana ndugu wa mgonjwa: kidonda hakishonwi. Hujazwa shashi laini isiyobana, hufunikwa kwa bendeji nene inayofyonza maji, na huachwa hivyo siku nne au tano bila kufunguliwa kila asubuhi, isipokuwa zikitokea homa kali, harufu mbaya au maumivu yanayozidi. Siku ya tano mgonjwa hurudishwa katika chumba cha upasuaji. Kidonda kikionekana safi na chenye wekundu hushonwa, na kikiwa bado kina nyama iliyokufa hukatwa tena na kusubiriwa. Kushona mapema ni kufungia klostridia ndani ya chumba kisicho na oksijeni, mahali hasa wanapopapenda. Vidonda vya uso na vya kichwa, vyenye damu nyingi, vina kanuni tofauti, na kifua na utando wa tumbo havina budi kufungwa mapema, lakini kwa mkono, paja na muundi kanuni ya kuacha wazi imethibitishwa katika vita baada ya vita, na karibu kila jeshi lililoisahau limejifunza upya kwa gharama ya viungo vya vijana wake.

Upo pia mkanganyo kuhusu risasi yenyewe. Filamu zimewazoesha watazamaji kuona tiba kuwa ni kuitoa risasi na kuidondosha katika bakuli, ilhali kwa daktari risasi iliyokaa ndani ya msuli mara nyingi haina haja ya kutafutwa, kwa sababu kuitafuta huharibu nyama nzima, na watu wengi huishi nayo mpaka uzeeni. Hutolewa ikiwa katika kiungo kama goti, ambako madini yake huyeyuka polepole na kuleta sumu na uharibifu, au ikibana neva, au ikionekana wazi wakati wa kusafisha kidonda. Ndugu wanaomsonga daktari wakidai risasi itolewe wanastahili kuelezwa hayo kwa upole, kwa kuwa hofu yao ni ya haki hata kama imeelekezwa pasipo.

Tanga ya leo ni mji wa amani, na kidonda cha risasi ni nadra wodini, lakini kidonda chenye tabia zilezile huingia kila mara kikitokea katika barabara ya Segera na katika njia za bodaboda. Mguu uliovunjika na mfupa kutokeza nje, ukiwa umesuguliwa na lami, mchanga na mbolea ya shambani, hautofautiani sana kibakteria na paja lililopigwa risasi ya Mauser, nao huhitaji kusafishwa mapema, antibiotiki ndani ya saa za mwanzo, kutulizwa mfupa na kutokushonwa haraka. Kinachoongeza hatari ni vitu vinavyopakwa kabla ya kufika hospitali: majivu, mafuta ya taa, ugoro, unga wa kahawa, hata kinyesi cha ng'ombe, ambacho hubeba spora za pepopunda. Asali ni habari nyingine, kwani utamu wake mzito na kemikali zake huzuia bakteria kweli, na hospitali nyingi duniani hutumia asali iliyotayarishwa maalumu kwa vidonda. Hata hivyo haiwezi kufika palipokufa nyama ndani, na asali ya sokoni yaweza kuwa na spora zake.

Kuhusu pepopunda, Tanzania ina mafanikio makubwa na pengo moja. Chanjo kwa wajawazito na watoto iliiwezesha nchi kutangazwa mwaka 2012 kuwa imedhibiti pepopunda ya mama na mtoto mchanga, ushindi ambao wakunga wa Lushoto, Pangani na Handeni wana haki ya kujivunia. Mwanamume mzima, hata hivyo, hana kliniki inayomwita kila mara kama mjamzito anavyoitwa, na chanjo aliyopata utotoni hufifia kadiri miaka inavyopita, ilhali yeye ndiye mwendesha bodaboda, mkata mkonge, mvuvi na mjenzi. Sindano ya kuimarisha kinga inapaswa kufikiriwa kila anapofika na jeraha chafu, na aliye na kidonda kikubwa asiyekumbuka kuwahi kuchanjwa anahitaji pia sindano ya pili ya tofauti, yenye kinga iliyokwisha kutengenezwa, kwa sababu chanjo pekee huchukua muda kuzaa matunda.

Tishio la sasa ni usugu, yaani uwezo wa bakteria kuizoea dawa mpaka isiwadhuru. Utafiti uliofanywa katika hospitali ya Bugando, Mwanza, na kuchapishwa mwaka 2011 uliona maambukizi katika vidonda vya takribani robo ya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji mkubwa, na ule wa Muhimbili uliochapishwa mwaka 2014 ulimkuta Pseudomonas aeruginosa akiongoza, wengi wa bakteria waliooteshwa wakiwa sugu kwa dawa za aina nyingi. Nchini Ukraine, tangu vita kupamba moto mwaka 2022, madaktari wamekuta katika vidonda vya majeruhi Klebsiella pneumoniae anayestahimili karibu kila dawa iliyopo. Serikali ya Tanzania iliandaa mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu huo wa miaka ya 2017 hadi 2022, na ukafuatiwa na mwingine. Lakini mpango hauna nguvu mbele ya mazoea ya kununua vidonge vinne vya amoksilini dukani na kuvikatiza homa inapotulia, au ya kuandikiwa seftriaksoni kwa kila kidonda bila kuotesha usaha maabara ili kujulikana nani hasa anapigwa vita. Dawa inapoishiwa nguvu, mgonjwa hubaki na kile walichokuwa nacho madaktari wa jabalini mwaka 1914, yaani kisu, maji, mvuke, chakula na mikono iliyonawa, tofauti ikiwa kwamba leo inajulikana vizuri namna ya kuvitumia.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo huanza mbali na chumba cha upasuaji. Majeruhi wa Kilindi au wa vijiji vya Mkinga husafiri muda mrefu kufika Bombo, na fomu ya polisi, PF3, inayoambatana na majeraha ya risasi na ya kushambuliwa, ni nyaraka muhimu kwa haki yake lakini haipaswi kumchelewesha hata dakika moja mlangoni pa zahanati. Mganga wa zahanati asiye na nusukaputi wala mashine ya picha anaweza kubana damu kwa mkono na kitambaa, kuosha jeraha kwa maji safi ya kunywa lita kadhaa, kutoa uchafu unaoonekana bila kuchokonoa, kulifunika kwa kitambaa kikavu kisafi, kulituliza kwa banzi, kutoa dozi ya kwanza ya antibiotiki na sindano ya pepopunda, na kuacha kushona hata akisihiwa. Kisha aandike katika karatasi ya rufaa dawa aliyotoa na saa hasa mgonjwa alipoumia, siyo saa alipofika, kwa sababu daktari wa upasuaji atakayempokea ataanza kuhesabu kutoka hapo.